Mkono Uliovimba Hauchuliwi

Bwana Mhariri, na wanachama wenzangu,

Kila msimu wa karafuu unapokaribia twakumbushana mambo mengi katika kurasa hizi: majamvi yatengenezwe, ngazi zikaguliwe, makonyo yasichanganywe na karafuu. Twakumbushana pia habari ya kuanguka, maana sote twajua tawi la mkarafuu linavyoweza kumtupa mtu bila ya kumpa ilani. Lakini liko dhara jingine la huko juu ambalo halina kishindo, na kwa kuwa halina kishindo halitajwi. Nalo ni damu kuganda katika mshipa mkubwa wa mkono wa mtu aliyefanya kazi kwa nguvu huku mikono yake imeinuliwa. Leo naomba nafasi nieleze habari zake, kisha niseme yanayotupasa sisi kama chama.

Rai yangu kwa ufupi ni hii. Mkono mmoja uliovimba ghafula baada ya kazi usichuliwe, usipigwe chuku, wala usingojewe upoe wenyewe. Upelekwe hospitali siku ile ile. Na chama chetu kiuhesabu mkono huo kuwa ni ajali ya kazi, sawasawa na kuanguka.

Yafaa kwanza tuelewe jinsi mambo yanavyokuwa. Damu hutoka moyoni kwenda mkononi kwa mishipa iitwayo ateri, na hurudi moyoni kwa mishipa iitwayo vena. Vena kubwa irudishayo damu ya mkono hupita mahali pembamba, kati ya mtulinga na ubavu wa kwanza, na hapo imezungukwa na misuli na kano. Mkono ukiwa chini, vena ina nafasi yake. Mkono ukiinuliwa na kunyooshwa, mtulinga na ubavu hukaribiana kama mikono ya koleo, na vena hubanwa katikati. Mtu akiinua mkono mara moja au mbili hapana neno. Lakini akiuinua, akavuta, akashusha, akauinua tena, toka asubuhi hata alasiri, siku kwa siku, ukuta wa ndani wa vena huumia, na palipoumia damu hushikana na kuganda. Bonge hilo likiziba njia, damu inayoingia mkononi haipati pa kurudia, na mkono hujaa mfano wa shamba la mpunga ambalo mfereji wake wa kutolea maji umezibwa.

Sasa mtazameni mchumaji wetu. Amesimama juu ya tawi, mkono mmoja umeshika tawi la juu ili asianguke, na mkono wa pili unavuta vitawi kwa upembo na kukonyoa vishada. Pakacha au mfuko wake unaning'inia kwa ukanda uliopita begani, juu ya mtulinga wenyewe. Hana ruhusa ya kujikawiza, kwa kuwa karafuu hutakiwa ichumwe kabla ya kuchanua, na ikichanua thamani yake imekwenda. Tena yeye hulipwa kwa kipimo cha alichokichuma, na kila dakika ya kupumzika aihesabu kuwa ni hasara yake. Basi kama mtu angekaa akabuni kazi ya kuibana vena ile, sidhani angebuni iliyo bora kuliko hii. Na anayekaribia hatari zaidi si mvivu, bali ni yule kijana hodari tunayemgombea sote msimu ukifika.

Maradhi haya si mageni kwa waganga. Daktari Mwingereza James Paget aliandika habari zake mwaka 1875, na mwaka 1884 Leopold von Schrötter wa Vienna akaeleza kwamba chanzo chake ni vena za begani na kwapani kuzibwa na damu iliyoganda. Mwaka 1949 daktari Hughes alikusanya habari za wagonjwa 320, na toka hapo maradhi yakaitwa kwa majina ya wale wawili, Paget na Schrötter. Mengi yaliyojulikana ni haya: huwapata zaidi vijana na watu wazima wenye afya na nguvu, wanaume kuliko wanawake, na aghalabu mkono ule wautumiao zaidi. Wengi wao hukumbuka kazi nzito waliyoifanya siku ile ile au siku iliyotangulia.

Mimi nayaandika haya nikiwa Mutuka, katika mji wa Babati, mkoa wa Manyara, ambako nakaa kwa mwanangu. Huku si nchi ya mikarafuu, bali ni nchi ya mahindi, mbaazi na alizeti. Lakini wakati wa mavuno nimewatazama wapakiaji wa magunia wakiyainua kuyapandisha juu ya malori, na wapaka rangi wakifanya kazi kutwa mikono juu ya vichwa vyao, nikaona kwamba harakati ni zile zile za mchumaji wetu. Kwa hiyo asije mtu akasema kwamba naupakazia mkarafuu ubaya. Maradhi haya ni ya mkono na ya namna unavyotumiwa, popote pale.

Na kama yupo anayedhani kwamba ni balaa la watu wanyonge wasiokula vizuri, na awaangalie wacheza mpira wa kikapu wa Marekani, ambao kazi yao ni kurusha mikono juu, na ambao wana madaktari wao wenyewe. Mwezi Machi 2019 Brandon Ingram, aliyekuwa akichezea timu ya Los Angeles Lakers, aligunduliwa kuwa na damu iliyoganda katika mkono wake wa kulia. Alipasuliwa ili mshipa upate nafasi, akarudi uwanjani, na mwaka uliofuata akachaguliwa katika mchezo wa nyota wote. Mwezi Februari 2025 likampata Victor Wembanyama wa San Antonio Spurs, kijana Mfaransa ambaye baba yake ana asili ya Kongo. Bonge lilikuwa katika bega lake la kulia. Alizuiliwa kucheza msimu wote uliobakia, akatibiwa, na mwezi Oktoba mwaka ule ule akarudi mchezoni. Vijana hawa hawakupona kwa sababu ni matajiri tu. Walipona pia kwa sababu dalili zao hazikupuuzwa. Utajiri hatuwezi kuuagiza, lakini kutopuuza dalili twaweza.

Dalili zenyewe ni hizi. Mkono mmoja huvimba, si kidole wala kiwiko peke yake, bali aghalabu mkono mzima toka kiganjani hata karibu na bega. Mwenyewe huuhisi mzito na umebana, kama kwamba si wake. Pete au saa humkaza. Rangi hugeuka kuwa ya buluu au zambarau, na kwa kuwa ngozi yetu nyeusi huificha rangi hiyo, tazameni kucha na kiganja, mvilinganishe na vya mkono wa pili. Mishipa ya juu ya bega na ya kifuani upande ule huonekana imejaa na kutambaa, kwa sababu damu inatafuta njia za kando. Maumivu huzidi mkono unapofanya kazi, na hupungua kidogo unapopumzishwa na kuegemezwa juu ya mto.

Najua tutakavyosema sisi, maana kila uvimbe twaupa jina kabla ya kuutazama. Wa kwanza atasema ni majimoto. Kweli majimoto wako mikarafuuni na huuma, lakini kuumwa kwao huwasha, hubaki pale pale palipoumwa, na aghalabu hupoa baada ya siku moja au mbili. Wa pili atasema msuli umekaza. Msuli uliokazwa huuma ukishikwa na ukisogezwa, lakini haufanyi mkono mzima ujae na kubadilika rangi. Wa tatu atasema ni jipu linakuja. Uvimbe wa usaha huwa wa moto, mwekundu, mara nyingi pana jeraha na mtu ana homa, nao pia ni wa kwenda hospitali. Wa nne atasema ni matende. Matende huja polepole kwa miezi na miaka, hayazuki baina ya asubuhi na jioni. Na yuko wa tano atakayenong'ona kwamba kijana amehusudiwa kwa uhodari wake. Huyu namwambia kwamba dua haizuiwi na hospitali, wala hospitali haizuii dua. Na aombewe akiwa njiani.

Iko njia moja nyepesi ya kuondoa ubishi. Chukueni uzi. Pimeni mzunguko wa mkono uliovimba shubiri moja juu ya kiwiko, mtie fundo. Kisha mpime mkono wa pili mahali pale pale. Ni kawaida mkono wa kazi kuzidi kidogo, lakini ukiona umezidi kwa sentimita 2 au zaidi, na jana haukuwa hivyo, hapana haja ya baraza. Pelekeni mtu. Na kama uzi hauonyeshi tofauti kubwa lakini dalili nyingine zipo, pelekeni vile vile.

Huenda mtu akauliza, haraka ya nini, na mkono si moyo? Ziko sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba bonge laweza kumeguka, kipande kikasafiri mpaka kwenye mapafu. Mgonjwa akianza kuhema kwa shida, akachomwa na kifua, akakohoa damu au akazimia, basi hilo si jambo la kesho, ni la saa ile ile. Sababu ya pili ni kwamba bonge bichi ni rahisi kushughulikiwa kuliko bonge lililokwisha shika. Katika hospitali kubwa zenye wataalamu wa mishipa, daktari huweza kupitisha mrija mwembamba ndani ya vena na kupeleka dawa ya kuyeyusha bonge pale pale lilipo. Lakini matibabu hayo hufaa zaidi katika siku 14 za mwanzo. Zikipita, faida yake hupungua sana, na mtu aweza kubaki na mkono unaovimba na kuchoka kila aushikiapo kazi, pengine maisha yake yote. Kwa mchumaji, huko ni kupoteza chombo chake cha kazi.

Sasa hapo ndipo ubaya wa kuchua unapoonekana. Kuchua na kukanda kwaweza kulisukuma bonge liende lisipotakiwa kwenda. Tena kuchua hula siku. Leo mafuta, kesho majani ya moto, kesho kutwa fundi wa pili, na siku 14 zimekwisha bila ya mtu kuandikiwa dawa. Nasema hivi juu ya mafuta yetu ya karafuu pia. Nayapenda, na najivunia mafuta ya makonyo yanayokamuliwa Wawi, lakini mafuta hayafiki nyuma ya mtulinga. Tena imeonekana katika maabara kwamba dawa iliyomo ndani ya karafuu, iitwayo yujenoli, huzuia chembe za damu kushikana. Kwa hiyo mgonjwa aliyekwisha anza dawa za hospitali asinywe mafuta hayo wala asijizidishie dawa za miti bila ya kumwambia daktari, asije akatokwa na damu isiyozuilika.

Hospitalini mgonjwa aeleze kwa ukamilifu: kazi aliyoifanya, mkono alioutumia, na siku uvimbe ulipoanza. Mwanamke aseme pia kama anatumia vidonge vya kupanga uzazi, maana baadhi yake huongeza hatari ya damu kuganda. Kipimo cha kwanza ni altrasaundi ya mishipa ya mkono na bega. Kwa kuwa mtulinga hukinga sehemu ya vena isionekane, mara nyingine kipimo hutoka safi na hali bonge lipo, na daktari akiona dalili zinamlazimu huagiza picha nyingine. Mgonjwa asikate tamaa akitakiwa kupimwa mara ya pili.

Matibabu ya msingi ni dawa za kuzuia damu isizidi kuganda. Huanza pengine kwa sindano za heparini, kisha vidonge, kama vile warfarini au rivaroksabani, kwa muda usiopungua miezi 3. Warfarini ilianza kuuzwa mwaka 1948 kuwa sumu ya panya, na toka mwaka 1954 ikakubaliwa kwa matibabu ya watu, kwa kipimo kidogo na kwa kupimwa damu mara kwa mara. Nasema haya ili mtu asicheze na vidonge hivi, asiviache kwa kuwa uvimbe umepungua wala asimgawie jirani. Baadhi ya wagonjwa hupasuliwa baadaye na kuondolewa ubavu wa kwanza, ili vena ipate nafasi na maradhi yasirudi.

Safari ya matibabu ndiyo yenye kutaka maandalizi. Aliye hapa Mutuka ana Hospitali ya Rufaa ya Mkoa wa Manyara katika mji huu huu wa Babati, na akihitaji zaidi hupelekwa hospitali kubwa kama KCMC ya Moshi kwa njia ya barabara. Aliye Pemba ana hospitali za Wete na Chake Chake, na ile ya Abdalla Mzee huko Mkoani. Lakini zaidi ya hapo kuna bahari baina yake na Mnazi Mmoja, na bahari nyingine baina ya Unguja na Dar es Salaam, iliko Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete. Chombo hakimngojei mtu anayetafuta nauli. Kwa sisi wa visiwani, siku 14 ni chache kuliko zinavyoonekana.

Nazijua hoja mbili zitakazotolewa dhidi yangu. Ya kwanza ni kwamba maradhi haya ni nadra. Ni kweli. Hukisiwa kuwa huwapata mtu 1 au 2 kwa mwaka katika kila watu 100,000, na katika damu zote zinazoganda kwenye vena kubwa za mwili, za mkononi ni kama 4 mpaka 10 tu katika kila 100. Lakini hesabu hiyo imewachanganya makarani waliokaa vitini pamoja na watu wanaoshinda mikono juu. Tena kuijua dalili hakugharimu hata senti moja, na kutoijua hugharimu mkono. Hoja ya pili ni ya wenye mashamba: kwamba tukilisema hili, kila mchumaji aliyechoka atadai mkono umevimba. Jawabu langu ni ule uzi. Mtu aweza kudanganya maumivu, lakini uzi haumdanganyi mtu.

Basi napendekeza mambo manne kwa mkutano wetu ujao. Kwanza, mkono uliovimba uandikwe katika daftari la ajali za msimu pamoja na walioanguka, na mgonjwa asikatwe malipo ya alichokichuma siku ile. Pili, litengwe fungu dogo la nauli na la kipimo cha altrasaundi, litolewe bila ya kungoja kikao. Tatu, kila msimamizi, wakati wa kupima karafuu jioni, aitazame mikono ya wachumaji kama anavyotazama mizani. Nne, na hili ndilo naliona kubwa, mchumaji anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda asipandishwe mkarafuuni hata kidogo mpaka daktari amruhusu, kwani akianguka atavuja damu kuliko mtu mwingine. Lakini asifukuzwe. Apewe kazi ya chini inayouruhusu mkono wake kupumzika, ya kulinda majamvi na kuandika vipimo, na alipwe. Tukimnyima kazi hiyo ataficha uvimbe na atapanda. Mficha maradhi kifo humuumbua, lakini mara nyingine ni tajiri aliyemfundisha mtu kuficha.

Na wakati wa kazi tuzidishe busara kidogo. Mchumaji ashuke kila baada ya muda anyooshe mabega, abadilishe mikono, anywe maji ya kutosha, atumie ngazi panapofaa badala ya kujining'iniza, na ukanda wa pakacha asiukaze juu ya mtulinga. Hayo hayatazuia kila bonge, lakini hayamdhuru mtu, na karafuu zitachumwa vile vile.

Twapima karafuu kwa kilo, twapima ukavu wake, twaisafisha taka moja moja. Itakuwa aibu kama hatuwezi kukipima kwa uzi kiungo kilichoiteremsha.

Wasalaam.

Mimi mwanachama mwenzenu,
Mutuka, Babati